Fundi wa Ukurasa Mmoja

Mwaka jana, kwenye semina ya uandishi, niliwasomea wenzangu insha kuhusu pikipiki ya marehemu babu yangu. Ndani yake kulikuwa na sentensi iliyosema kwamba madigadi ya mbele niliichomelea mwenyewe, uani kwetu Tabora, kwa jioni mbili. Sentensi ile ilipendwa. Mwenzangu mmoja aliipigia mstari, na mwalimu akauliza nilijifunzia wapi kuchomelea. Nikajibu, kwa unyenyekevu wa uongo, kwamba nilijaribu-jaribu tu.

Nilijaribu, hilo ni kweli. Lakini madigadi ile iliungwa na mtu mwingine, mzee mmoja wa Kanyenye, kwa muda usiofika robo saa, baada ya mimi kuitoboa.

Insha ile niliiandika nikiwa nimelewa kitabu cha Robert Pirsig, Zen and the Art of Motorcycle Maintenance, kilichotoka mwaka 1974. Nataka kukizungumza hapa, kwa sababu nadhani ndicho kilichonifundisha kusema uongo ule, na ndicho hicho hicho chenye ukurasa unaonisuta.

Kwa asiyekisoma: baba na mwanawe Chris, mtoto wa miaka kumi na moja, wanapanda pikipiki kutoka Minnesota hadi California. Sehemu ya kwanza ya njia wanafuatana na mume na mke, John na Sylvia, wenye BMW yao. Njiani msimulizi anatupa mihadhara kuhusu mashine, akili na kitu anachokiita Ubora. Wachapishaji 121 walikikataa kabla mmoja hajakikubali, kisha kikauzwa kwa mamilioni. Hoja yake kubwa, ukiipunguza mpaka ibaki mfupa, ni kwamba mtu anayetumia mashine bila kutaka kuijua ni abiria katika maisha yake mwenyewe. Shika spana, sikiliza injini, tulia, na utakachokitengeneza kitakuwa ni wewe.

Nilikisoma ndani ya treni ya reli ya kati, Dar es Salaam hadi Tabora, na kufika Dodoma nilikuwa nimeshaamua. Nyumbani kwetu Isevya, kwenye stoo, kulikuwa na BSA Bantam ambayo babu aliinunua kwa mkono wa pili miaka ya sitini kutoka kwa Mzungu mmoja wa reli aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Ningeifufua. Peke yangu. Kisha ningeandika.

Mashine yenyewe ina ukoo wa kuchekesha. BSA ni kifupi cha Birmingham Small Arms, kampuni iliyoanzishwa na mafundi bunduki wa mji huo mwaka 1861, na nembo yake ni bunduki tatu zilizosimamishwa zikaegemeana. Bantam nayo ilichorwa kwa kufuata pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125, ambayo michoro yake Waingereza waliichukua kama fidia baada ya Vita vya Pili, wakaanza kuiuza ya kwao mwaka 1948. Kwa hiyo babu, karani wa stesheni, alikuwa akienda kazini juu ya ngawira ya vita yenye chapa ya bunduki, katika mji ambao Wajerumani waliufikishia reli mwaka 1912 na Wabelgiji wakauteka mwaka 1916. Bibi hakujali lolote kati ya hayo. Aliiita tukutuku mpaka anakufa, kwa sababu ndivyo ilivyolia.

Nilipoitoa stooni, panya walikuwa wameshafanya makao chini ya kiti. Injini ilizunguka kwa mkono, jambo ambalo sikulitarajia. Tatizo lilikuwa vyuma: stendi ilikuwa imekatika mkono mmoja, na madigadi ya mbele, ile ndefu inayofunika gurudumu kama sketi, ilikuwa imepasuka pale inaposhikwa na chuma chake, kutu ikala pembeni.

Binamu yangu alinikopesha mashine ndogo ya kuchomelea, ile ya kubebeka begani. Nilinunua rodi za geji 12, nyembamba kuliko zote zilizokuwa dukani, na kofia yenye kioo cheusi. Wiki mbili nilifanya mazoezi chini ya mwembe kwa vipande vya engo vilivyobaki kwenye geti. Mishono yangu ya kwanza ilikuwa kama kinyesi cha mbuzi: kidonge, nafasi, kidonge. Rodi ilinasa, nikaivuta, ikang'oka na kipande. Kila nilipoigusisha, taa za nyumba ya jirani zilikonyeza, na jioni ya tatu mama wa nyumba hiyo alikuja kwa adabu zote kuuliza friji lake likiungua atamdai nani. Mama yangu alisimama mlangoni na kusema kwamba hilo dude limelala miaka thelathini bila kumdhuru mtu.

Lakini nilijifunza. Niseme hivyo, kwa sababu sitaki kuutupa ukweli pamoja na uongo. Nilijifunza kusikia: rodi ikiwa mbali mno mlio unapasuka-pasuka, ikiwa karibu mno inakaba, na katikati kuna mlio mmoja, kama mafuta yanayokaangia dagaa, ambao ukiupata mkono hautaki kuuacha. Mkono wa stendi niliuunga mwenyewe. Upo mpaka leo. Ni mbaya, una magamba ambayo sikuyapiga nyundo yakaisha, na unabeba uzito wote wa pikipiki.

Madigadi ilikuwa habari nyingine. Engo ni nene, inakusamehe. Bati halina msamaha. Nilishusha umeme wa mashine mpaka chini kabisa panapowezekana rodi kuwaka, nikagusisha, na kabla sijahesabu mbili nilikuwa naiona ardhi kupitia tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Nikajaribu kuliziba. Tundu likapata mdogo wake. Nikaendelea, kwa sababu Pirsig ana sura nzima kuhusu mitego inayokula ari ya fundi na namna ya kuitegua kwa subira, nami nilidhani nimo ndani ya mtego mmojawapo. Nilipovua kofia kulikuwa na matundu matatu na donge la chuma lenye sura ya jipu. Usiku ule macho yaliwasha kana kwamba yametiwa mchanga, maana mara kadhaa niligusisha rodi kabla sijashusha kioo. Nililala na kitambaa kibichi usoni, na hapo gizani ndipo nilipokumbuka kwamba ndani ya kitabu kuna mchomeleaji.

Watu wengi waliosoma Zen hawamkumbuki. Nimewauliza. Wanakumbuka kopo la bia: vishikio vya BMW ya John vimelegea, msimulizi anapendekeza kukata kipande cha bati la kopo na kukibana katikati ili vikaze, na John anaona ametukanwa, BMW yake itiwe kopo? Tukio hilo ndilo linalofundishwa, kwa sababu ndani yake kuna falsafa nzima ya kitabu: mmoja anaona kopo, mwingine anaona bati laini lisiloshika kutu. Nilipomsimulia binamu yangu, ambaye anaendesha bodaboda, alisikiliza mpaka mwisho kisha akaendelea kungoja. Kwake hadithi ilikuwa haijaanza. Pikipiki yake ina tyubu ya baiskeli kwenye vishikio na kipande cha kandambili chini ya betri, na hakuna anayemhesabu kuwa mwanafalsafa.

Mchomeleaji anakuja mbali sana baadaye, John na Sylvia wameshaachana nao, kwenye mji mdogo usio na umuhimu. Kava la cheni la msimulizi limevunjika. Anakuta karakana safi kuliko zote alizowahi kuziona, na mwenyewe ni mzee wa miaka sitini au sabini asiye na muda wa maneno. Mzee anamwambia kava alifungue mwenyewe. Analifungua. Mzee anasema lina grisi. Msimulizi anakwenda nyuma, anakwangua kwa kijiti, anasafisha kwa dawa na majani. Mzee anatikisa kichwa, anarekebisha gesi, anabadilisha ncha ya bomba bila haraka. Kisha msimulizi anaungama jambo: bati jembamba kama lile yeye haliungi kwa chuma, hutumia shaba ya njano inayoyeyuka upesi, kwa sababu kila akijaribu kuunga kwa chuma hutoboa matundu, halafu inambidi kuyaziba kwa madonge. Mzee haulizwi tena. Anawasha mwali mdogo wa bluu, na mikono yake miwili inacheza, bomba kwa mwendo wake na waya kwa mwendo wake, mpaka mshono haujulikani ulipo. Msimulizi anausifu. Mzee anataja bei: dola moja. Halafu anamtupia jicho fulani la kuuliza, na msimulizi, baada ya kulifikiria jicho hilo, anaamua kwamba ni upweke. Nani siku hizi anathamini kazi kama hii? Basi, wanaondoka.

Hauzidi sana ukurasa mmoja. Niliusoma tena asubuhi yake kwa macho mekundu, na nikacheka mpaka mama akaja kuniangalia. Mtu aliyenituma niende peke yangu alikuwa ametoboa bati kama mimi. Na alilisema hadharani, katika sentensi mbili, ila mimi nilipita juu yake kama treni inavyopita vituo vidogo vya usiku.

Nikabeba madigadi kwenda Kanyenye.

Mzee niliyeelekezwa anafanyia kazi chini ya mwembe, na kibanda cha mabati ni cha kulalia vyombo tu. Ana pipa la kabaidi, yale mawe yanayotiwa maji yakatoa gesi, ana mtungi mmoja wa oksijeni uliochubuka rangi, vijana wawili, na redio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Hiyo nani kaitoboa?"

"Mimi."

"Kwa umeme?"

"Kwa umeme."

Aliigeuza mara mbili, akapitisha kidole gumba kwenye donge langu. Hakucheka. Kijana mmoja ndiye aliyecheka, akatazamwa, akanyamaza. "Ina rangi, ina kutu, ina grisi," mzee alisema. "Mimi siungi rangi. Kasafishe."

Nilitembea hadi Isevya nikiwa na madigadi kichwani, nikaisugua kwa mafuta ya taa, brashi ya waya na msasa mpaka ikang'aa upana wa vidole vitatu kila upande wa ufa. Nikarudi. Akaikuna kwa ukucha upande wa ndani, ambao mimi niliona hauonekani kwa hiyo haujalishi. "Huku bado." Safari hii nilisugulia pale pale, chini ya mwembe, wateja wengine wakinipita.

Kisha akafanya. Alikata kiraka kutoka ubavu wa friji bovu, akayakata matundu yangu yote matatu yawe tundu moja lenye kingo safi, akakilaza kiraka. Akashikiza nukta nne, zilizo mbali mbali ili bati lisipinde, akazungushia kitambaa kibichi pembeni ili joto lisitembee. Alimwambia kijana apunguze redio. Waya aliotumia kuyeyushia ulikuwa ule wa kufungia nondo, ameunyoosha kwa kuuvuta kwenye msumari. Bati likawa rangi ya chungwa linaloiva, sehemu moja ndogo tu, na rangi hiyo ikasogea polepole kuuzunguka mshono kama mtu anayetembea na taa. Hakutoboa.

"Mzee, ni nzuri sana," nilisema. Nilijua ninachokifanya. Nilikuwa nimelisoma tukio hili, na nilikuwa nalisubiri lile jicho.

Jicho lilikuja. Alinitazama kwa kuuliza, hasa kama kitabuni, nami nikautafuta upweke ndani yake.

"Elfu tano," alisema. "Na ya kuziba matundu yako, elfu mbili. Una noti ndogo? Hawa asubuhi hii wote wameleta kumi kumi."

Sitaki kufanya kutoka hapo sheria. Mzee wa Amerika huenda alikuwa mpweke kweli, miji midogo ina wapweke wengi. Lakini nilipokuwa nangoja chenji niliona vile ambavyo ukurasa wa Pirsig hauna. Hauna mama wa maandazi anayemdai fundi ya juzi. Hauna kijana anayejifunza, anayecheka akakemewa. Hauna mtu aliyemfundisha fundi mwenyewe, na hakuna anayezaliwa anajua kuyeyusha bati bila kulitoboa. Msimulizi anaingia, anapokea kazi nzuri kuliko zote zilizomo kitabuni, anaangalia machoni mwa mtu kwa sekunde moja, na anachokiona ni jibu la swali lake mwenyewe. Ndiye yeye anayesafiri na mtoto asiyejua namna ya kuzungumza naye. Upweke ulikuwa wake. Aliubandika kwa mzee kwa sababu mzee hakuwa na maneno ya kuubandua.

Na kuna jambo ninaloliona kubwa zaidi. Mafundisho yote ya kitabu yanasema fundi wa kweli ni yule anayejali, na anayejali hutengeneza mwenyewe. Mapema kitabuni kuna vijana wa gereji wanaoharibu pikipiki yake huku redio inapiga, na redio inakuwa ushahidi kwamba mioyo yao haipo kazini. Mzee wa Kanyenye, redio haizimwi. Siku Simba na Yanga wanacheza hapo kwake ni uwanja wa pili. (Namstahi Pirsig hapa: kweli aliipunguza.) Lakini angalia amri mbili za yule mzee wa kitabuni: fungua mwenyewe, safisha mwenyewe. Msimulizi anazipokea kama ukali wa mzee asiyependa watu. Mimi nilizipokea zile zile kwa Kiswahili na nikaelewa kwamba ndizo somo. Nusu ya kuunga ni kusafisha, na nusu hiyo fundi aliitoa kwangu ili kazi iwe ya watu wawili. Katika kitabu kizima kinachotafuta namna ya kuunganisha mtu na mashine, hapa palikuwa na mtu anayemuunga mwenzake kwenye kazi, kwa dola moja, na mwandishi akapita.

Hapo ndipo napaona penye kosa la uandishi, wala silichukulii kuwa kosa la tabia. Mwanzoni kabisa Pirsig anatutahadharisha kwamba mengi yamebadilishwa kwa ajili ya ufasaha, ila kiini chake kichukuliwe kuwa ni kweli, na anaongeza kwa utani kwamba kwa upande wa pikipiki pia si cha kuaminiwa sana. Sisi tunaojifunza kuandika habari za kweli tunaipenda sana tahadhari hiyo. Nami niliitumia. Nilipoandika kwamba niliichomelea madigadi mwenyewe, nilijiambia kiini ni kweli: nilijifunza, niliungua macho, stendi imesimama. Mzee wa Kanyenye angeirefusha insha, angevunja mdundo wa mtu mmoja na mashine yake. Kwa hiyo nilimkata. Pirsig angalau alimwachia ukurasa.

Ningekuwa nimezaliwa mji mwingine labda ningeishia hapo. Lakini Tabora ni mji ulioandikwa sana na watu wanaopita. Burton alikaa hapa ulipokuwa ukiitwa Kazeh, akachapisha kitabu chake mwaka 1860. Stanley alipita na kurudi, na Kwihara, mwendo mfupi tu kutoka mjini, lipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 kwa miezi akingoja wapagazi; sasa ni makumbusho. Tulipelekwa huko shule ya msingi, tukaonyeshwa mlango wa nakshi, tukaambiwa tena na tena jina la Livingstone. Aliyeuchonga mlango hatukumuuliza mtu.

Wenyeji wa njia nao waliandika. Tasnifu yangu inahusu maandishi hayo: Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne iliyopita, pamoja na simulizi alizozikusanya Carl Velten katika Safari za Wasuaheli, 1901. Nayapenda. Sentensi za Tippu Tip ni fupi, kavu, za mtu anayehesabu: frasila ngapi, watu wangapi, deni la nani. Hata jina lake, kwa maelezo yake mwenyewe, lilitokana na mlio wa bunduki zake, tip tip, kama bibi alivyoipa pikipiki jina kwa mlio. Lakini bunduki zile zilivunjika. Magumegume ya zamani, yaliyobebwa miezi kwenye mvua na vumbi kutoka Bagamoyo hadi Ujiji na ng'ambo ya ziwa, hayakujitengeneza yenyewe. Tippu Tip hatuketishi hata mara moja kando ya mtu anayeyatengeneza.

Na chuma kilikuwa msingi wa njia hii kabla ya pembe. Majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa kaskazini mwa Unyamwezi, Usumbwa na Uzinza, yalilipa mahari, yalilipa hongo kwa watemi wa Ugogo ili msafara upite. Nyaya za shaba kutoka pwani zilikuwa fedha, zikafuliwa upya bara kuwa bangili. Jembe limo katika vitabu kama mzigo na kama bei. Mkono uliolifua haumo. Nilikuwa nimeandika sura nzima ya tasnifu nikiwalaumu Burton na Stanley kwa hilo, kwa maneno makali, katika wiki zile zile nilizokuwa namfuta mzee wa Kanyenye.

Anayenipa moyo ni Abdulrazak Gurnah. Paradise, ya mwaka 1994, ambayo tangu 2022 tunaisoma kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis kama Peponi, ni riwaya ya misafara inayokaribia kufa, na ndani yake kuna fundi wa magari na mashine, Singasinga anayeitwa Kalasinga. Jina lake halisi, Harbans Singh, tunapewa pia. Anatukanwa, anatukana, anajisifu, ana mpango wa kichaa wa kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili ili wenyewe waione ilivyo. Ni mjuaji na mara nyingine ni mjinga. Gurnah hamtumii kama kioo cha Yusuf. Anamwachia aseme mengi mno, kama mafundi wanavyosema mengi mno ukikaa nao. Ni kweli kwamba riwaya ina ruhusa ya kubuni maneno ya fundi na insha haina. Lakini insha ina ruhusa ya kuuliza, nami sikuuliza kitu zaidi ya bei.

Kwa hiyo likizo hii nilirudi Kanyenye kuuliza. Niliichapa insha upya, sentensi ya uongo nimeitoa, nikamsomea sehemu inayomhusu. Alisikiliza huku anachambua kabaidi. Alisahihisha kitu kimoja: kiraka hakikutoka ubavu wa friji, kilitoka mlangoni, ubavu ule ulikuwa na kutu. Nimeuacha ubavu hapo juu kama nilivyoukumbuka, ili masahihisho yake yabaki yake. Nikamuuliza nani alimfundisha, akanitajia mtu wa karakana ya reli, marehemu sasa, aliyempiga makofi mwaka mzima kabla ya kumruhusu kushika bomba. Vijana walisikia hilo kwa furaha isiyo ya kawaida.

Nikamuuliza kama naweza kuandika jina lake.

"Ya nini?"

Nikaeleza kuhusu mzee wa dola moja, aliyebaki bila jina, na kuhusu wahunzi. Alifikiri kwa muda kuliko nilivyotegemea.

"Usiandike," alisema. "Ukiandika wataniletea matukutuku yao yote ya kizamani. Hayo hayalipi. Hilo la kwako limenilaza kazi ya geti siku nzima, na wewe hukuona."

Sikuona, kweli. Nilidhani ni robo saa. Robo saa ilikuwa ya moto tu. Sikuhesabu kuninyoosha waya, kungoja nisugue mara mbili, kumtuma kijana friji. Kwa hiyo nami ninamwacha bila jina, kama Pirsig, na sijui kama msomaji ataona tofauti. Kwa upande wangu ipo, kwa sababu nimekatazwa na mwenye jina.

Nilikuwa nimebeba na tangi la mafuta, lenye upenyo chini karibu na koki. Nililiweka mezani pake. Alilifungua kifuniko, akanusa, akalisukuma kwangu taratibu kama mtu anayerudisha sahani yenye nzi.

"Hili lina petroli."

"Nilimwaga yote, mzee. Miezi mitatu sasa."

"Harufu hujaimwaga. Unataka tufe wote na mama maandazi? Lioshe kwa sabuni na maji moto, lijaze maji, lilale siku tatu, limwage, lijaze tena. Ukilileta nalichomelea likiwa na maji ndani, wazi, nikiwa nimenusa mwenyewe." Alikwisha kumgeukia mteja mwingine. "Kasafishe."

Lipo uani sasa, chini ya mwembe, limejaa mpaka mdomoni. Leo ni siku ya pili. Mama amelizungushia mawe ili kuku wasiliangushe.